Wema wa Kitanda cha Jirani

Uji ule Émérance aliunywa kwa sababu njaa ilimzidi, lakini hakuuamini.

Ulikuwa uji wa moto katika kikombe cha plastiki, na aliyeuleta alikuwa mgonjwa mwenzake wa kitanda cha jirani, mwanamke aliyekatwa mkono wa kulia juu ya kiwiko. Alikuwa amekibeba kikombe kwa mkono wa kushoto kutoka jikoni, akavuka uwanja, akapanda ngazi tatu za baraza, na hakumwaga hata tone. Akakiweka juu ya kimeza.

"Kunywa, Mama Irakoze. Iko bado moto."

Kisha akasimama palepale akimtazama usoni, kama mtu anayengoja kuambiwa jambo. Émérance alisema aksanti. Yule mwanamke akangoja tena kidogo, halafu akacheka kicheko kizito cha kukwaruza, akarudi kitandani kwake.

Kesho yake akaleta tena. Na keshokutwa.

"Muntu hakuletei uji siku tatu bure," Émérance alimwambia mumewe, Thaddée, alipokuja kumtazama Jumapili. "Anatafuta nini kwangu?"

Thaddée alikuwa anamenya ndizi. Aliimenya polepole kuliko inavyohitaji ndizi. "Labda iko na roho nzuri," alisema.

Émérance alimtazama vidole.

Alikuwa mkulima wa mpunga wa Luberizi, katika bonde la Ruzizi, mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye watoto wanne, wa kwanza wao akiitwa Irakoze. Kijijini alijulikana kwa mambo mawili: hakuna aliyemshinda kupandikiza miche kwa mstari ulionyooka, na hakuna aliyeweza kumdanganya. Akiletewa mbegu, alizimwaga majini aone ngapi zinaelea. Akisifiwa, aliuliza anayesifu anataka nini. Thaddée alikuwa na mazoea ya kusema kwamba hata mvua ikinyesha, mke wake hutoka nje kuhakikisha.

Jumanne moja alipanda lori la mizigo kwenda Uvira na gunia lake la mchele. Abiria walikaa juu ya magunia, kama wanavyokaa siku zote. Kabla ya kufika darajani tairi la mbele lilipasuka, lori likaacha njia, likalala ubavu mtaroni. Watu wawili walikufa palepale. Émérance alizinduka siku tatu baadaye katika hospitali ya mjini, mguu wake wa kushoto umekatwa juu ya goti. Karatasi ya kuruhusu mguu ukatwe ilitiwa sahihi na Thaddée. Jambo hilo Émérance alikuwa hajalimeza bado. Lilikuwa limekaa kooni, naye alikuwa akimtazama mumewe kupitia juu yake.

Kidonda kilipoanza kukauka walimhamishia kwenye kituo cha mazoezi, nyumba ndefu za bati zilizojengwa mteremkoni juu ya ziwa, mahali ambapo watu waliovunjika na kukatwa hufundishwa kutembea na kushika vitu upya. Chumba cha wanawake kilikuwa na vitanda sita. Cha kwanza, karibu na dirisha, kilikuwa cha Providence, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Kalundu. Cha pili akapewa yeye.

Providence alikuwa mtu wa kusema. Alizungumza habari za wavuvi, za maji ya ziwa yaliyopanda yakaingia mpaka jikoni kwa dada yake, za mume wake wa zamani aliyekwenda Kalemie na kusahau njia ya kurudi. Aliwacheka manesi, akajicheka mwenyewe alipovaa blauzi nyuma mbele. Alimenya mihogo akiibana kwa magoti. Alijifunza kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zilipoanguka kama walevi alizibandika ukutani ili watu wote wazione.

Jambo moja tu hakulisema. Émérance alilisikia kwa nesi, siku ya tano: mkono wa Providence ulikatika katika lori lilelile.

Basi hapo usingizi ukapungua. Mtu anayesimulia mpaka habari za paka wa jirani, anawezaje kulala hatua mbili kutoka kwa mwenzake wa ajali ileile na asiseme, "Hata minye nilikuwa pale"?

Kuhusu ajali yenyewe, Émérance alikuwa amebakiwa na vitu vichache. Mbingu nyeupe sana. Harufu ya mawese yaliyomwagika. Na kabla ya hayo, sauti ya mwanamke ikisema, "Sogea kidogo, mama," na msukumo wa bega, na mtu akitoka mahali pazuri nyuma ya kabini kwenda mahali pabaya. Msukumo huo aliuhisi hata sasa, akifumba macho. Kuna mtu alimwondoa mahali pake. Mtu huyo angejulikana.

Wiki ya pili, barazani, Providence alitaka kukaa kwenye benchi ambapo bibi mmoja alikuwa amejinyoosha. "Sogea kidogo, mama," alimwambia kwa ile sauti yake ya kukwaruza.

Ndani, Émérance, aliyesikia kupitia dirishani, alishika ukingo wa kitanda. 

Ndiye.

Sasa kila kitu kikakaa mahali pake. Uji, kicheko, kumtandikia shuka, kumfukuzia nzi wakati kidonda kinasafishwa. Ni malipo ya dhambi. Huyu mwanamke alimsukuma, mguu ukaenda, na sasa anatafuta kujisafisha kikombe kwa kikombe.  Émérance aliamua kungoja ushahidi, maana alijua mtu akishtakiwa mapema hujitayarisha.

Alianza kumpeleleza. Aliona Thaddée, kila Jumapili, hupita kwanza karibu na tangi la maji, mahali Providence anapofulia, na hapo huongea kwa sauti ya chini. Aliona wakinyamaza yeye anapotokea mlangoni. Aliona pia kwamba kila siku baada ya chakula cha mchana, wakati kituo kizima kimelala, Providence hutoka peke yake, hupotea kwa nusu saa, kisha hurudi uso umeoshwa.

Kituo chenyewe hakikuwa na uso wa kuaminika. Aliyesimamia mazoezi alikuwa Aline, kine wao, yaani mtaalamu wa viungo, mwanamke kijana kutoka Bukavu aliyevaa viatu vyeupe. Kila Alhamisi Aline alipita kitanda kwa kitanda na karatasi yenye maswali ishirini na sita. Katika wiki mbili zilizopita, umefurahia maisha kwa kiasi gani? Unaridhika na usingizi wako? Na sura ya mwili wako? Unaona maisha yako yana maana?

Émérance alilifikiria jambo hilo pande zote. Anayejibu vibaya ataandikwa kichaa. Anayejibu vizuri ataambiwa amepona, arudi nyumbani kabla hajapewa mguu wa bandia. Kwa hiyo alijibu "kiasi" mara ishirini na sita.

"Hata hili la maumivu?" Aline aliuliza.

"Kiasi."

"Na hili la ndoa?"

"Hiyo iko kiasi zaidi."

Aline alijizuia kucheka. "Mama Irakoze, karatasi hii ni ya kutusaidia tujue nani anahitaji nini. Hakuna anayefukuzwa kwa ajili yake."

"Mama Providence alijibu nini?"

"Hilo siwezi kukwambia."

Unaona, Émérance alijisemea. Iko kitu.

Mpaka siku hizo alikuwa amekataa kutembea zaidi ya baraza. Uwanja ulikuwa wa changarawe na mteremko, na magongo yalimchoma makwapani. Aline alikuwa amembembeleza wiki tatu bila mafanikio. Lakini mtu hawezi kumfuata mwenzake akiwa kitandani. Mchana mmoja, Providence alipotoka, Émérance alishuka zile ngazi tatu kwa makalio, akasimama, akayatia magongo kwenye changarawe. Alifika bombani, kijasho kikimtoka. Kesho yake alifika jikoni. Siku ya tatu akavuka uwanja wote na kurudi kabla watu hawajaamka.

"Sielewi," Aline alisema, akimpima nguvu za paja kati ya vyuma viwili vya kushikilia. "Juzi ulikuwa unalia hapa. Nini kimekupa nguvu?"

"Hewa," Émérance alijibu.

Siku ya tano alifika nyuma ya nyumba ya kufulia, mahali ambapo ukuta unatazama ziwa. Alisikia sauti kabla ya kuona mtu. Providence alikuwa anasema peke yake, haraka haraka, kwa Kivira, lugha ambayo Émérance hakuijua. Lakini katikati ya maneno yale alisikia jina lake. Mama Irakoze. Kisha tena. Na mara ya tatu, pamoja na kofi la kiganja ukutani.

Alirudi nyuma hatua moja. Gongo likateleza kwenye changarawe, naye akaanguka juu ya kigutu.

Maumivu yalikuwa meupe kama ile mbingu. Alipopata tena pumzi, Providence alikuwa amepiga magoti kando yake, uso umelowa, macho mekundu. Alimpa bega, akamwinua kwa mkono ule mmoja kama mtu anayeinua wavu.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Chooni."

"Choo iko upande ule."

"Najua."

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza Émérance kumwona Providence bila kicheko, na sura ile bila kicheko ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mzima kuliko alivyodhani, na mwenye hasira.

Basi siri ipo. Kilichokosekana ni shahidi, na shahidi alikuja mwenyewe wiki iliyofuata.

Alikuwa Marcellin, msaidizi wa dereva wa lile lori, mwanamume mrefu ambaye mfupa wa bega lake ulikuwa umeunga vibaya, akawa anatembea kama amebeba kitu upande mmoja. Alikuja kuwasalimu majeruhi na chane ya ndizi mbivu. Providence alikuwa mazoezini. Émérance alimwita barazani, akamwonyesha kiti, akamwacha akae vizuri kwanza.

"Marcellin, siku ile, nani alinisukuma?"

Marcellin alikuna shavu. "Mambo ya siku ile tuyaache, Mama Irakoze."

"Minye sijayachukua bado. Nitayaacha namna gani?"

"Hakuna aliyekusukuma."

"Nilisikia na masikio yangu. Sogea kidogo, mama. Na bega."

Yule bwana akatazama mlango, kama mtu anayepima umbali. Kisha akasema, taratibu, "Maneno hayo, mama, ni ya kwako."

Émérance alivuta gongo lake karibu, naye Marcellin akaendelea.

"Mama Providence alipanda mbele yako. Alikuwa amekaa nyuma ya kabini, pale pasipo na upepo. Weye ulipopanda ulisema kiuno kinakuuma, hauwezi kukaa pembeni. Ukamwambia sogea kidogo, mama. Akasema yeye alifika kwanza. Mukabishana. Ukaingiza gunia lako katikati, ukamusukuma na bega, akaenda kukaa ubaoni, ukingoni kabisa. Watu walicheka. Minye mwenyewe nilimushika asianguke."

"Unadanganya."

"Lori ilipolala, mkono wake ulikuwa nje ya ubao."

Émérance alitaka kusema tena kwamba anadanganya, lakini kuna neno moja lilikuwa limemkwama. Kiuno. Siku tatu kabla ya safari ile alikuwa ameinama majarubani mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Hakumwambia mtu, hata Thaddée. Marcellin asingeweza kukijua kiuno hicho kama hakukisikia kinywani mwake.

"Na wale wawili waliokufa?"

"Walikuwa nyuma ya kabini. Upande wako wa kulia."

"Baba Irakoze anajua haya?"

"Nilimwambia hospitali. Weye ulikuwa haujaamka."

Marcellin alipoondoka, Émérance alirudi kitandani akageukia ukuta. Alikaa hivyo siku mbili. Jambo lililomtisha si kwamba alikosea. Lililomtisha ni kwamba kumbukumbu, ile aliyoiamini kuliko mtu yeyote, ilikuwa imechukua sauti yake mwenyewe, ikaitia kinywani mwa mwenzake, na yeye, mwanamke anayemwaga mbegu majini, hakuiona ikifanya hivyo. Kama hiyo nayo hudanganya, ni nani atakayeulizwa?

Uji uliendelea kuja. Ulipoa juu ya kimeza.

Alhamisi Aline alikaa ukingoni mwa kitanda na karatasi yake. "Tuanze? Maisha yako kwa jumla unayaonaje?"

"Mabaya," Émérance aliuambia ukuta.

"Usingizi?"

"Mubaya."

"Sura ya mwili wako?"

"Sipendi kuiona. Usiku mguu usiokuwapo unawasha, na minye najikuna hewani." Aligonga ukuta kwa kidole. "Andika hiyo pia."

Aline aliandika kwa muda mrefu. Hakusema kwamba yatapita. Alisema tu kwamba kuna njia ya kusugua kigutu ili muwasho ule upungue, na kwamba kesho asubuhi ataanza kumfundisha. Kisha akauliza swali lililofuata, na Émérance akalijibu, na lingine, mpaka yakaisha yote. Alipogeuka, aliona kitanda cha dirishani hakina mtu. Ulikuwa wakati ule wa mchana.

Akachukua magongo.

Providence alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, akitazama ziwa. Siku hiyo lilikuwa la kijivu, limetulia, na milima ya Burundi ng'ambo haikuonekana. Hakugeuka.

"Marcellin amekwambia," alisema.

"Weye ulijua toka lini?"

"Toka walipokulaza pale kitanda cha pili. Sura yako niliiangalia saa nzima siku ile, kutoka pale ubaoni. Nilikuwa nakuchukia kabla hata tairi haijapasuka."

Émérance aliegemea ukuta. "Na ule uji?"

"Nilitaka ukumbuke ukiwa na kikombe changu mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno. Maneno makali, Mama Irakoze, hata mwenyewe yaliniogopesha. Nikakuletea, nikangoja. Ukasema aksanti." Alitema mate kando. "Siku ya pili nikaleta tena. Halafu ikawa kazi. Kabla ya weye kuja, mkono huu haukuwa unaweza kubeba hata kijiko. Ulijifunza kubeba kikombe kwa chuki. Madamu Aline anafikiri ni mazoezi yake."

"Na huku nyuma, kila mchana?"

"Nakuja kukutukana. Nakutukana mpaka nachoka, nanawa uso, narudi. Mule ndani nikikaa bila kucheka, nitapasuka. Watu wanafikiri iko furaha. Minye nacheka kama vile muntu anakohoa."

Émérance aliutazama ukuta, pale kofi lilipopigwa. Alikuwa amemshuku mwanamke huyu kwa majuma matano, na sasa aliona kwamba katika kumshuku hakukosea: wema ule kweli ulikuwa na jambo nyuma yake. Alikosea tu nani ana deni kwa nani.

"Minye nilijifunza kutembea kwa kukufuata," alisema mwishowe. "Kila mchana. Nilitaka nikukamate."

Providence aligeuka. Alimtazama yeye, akatazama magongo, akatazama changarawe yote ile kutoka barazani hadi ukutani. Kikaja kicheko. Kilianza kama kile cha siku zote, kikakwama, kikawa kitu kingine kilichomtoa machozi. Émérance naye alijikuta anacheka, na mbavu zikamuuma, kwa sababu zilikuwa hazijafanya kazi hiyo tangu siku ya lori.

Walipotulia, alisema, "Nisamehe, Provi."

"Bado."

Upepo ulipita. Chini, ufukweni, mtu alikuwa anapigilia misumari.

"Usiniharakishe," Providence aliendelea. "Iko siku naamka nimesahau kila kitu. Iko siku naamka natafuta mkono wangu chini ya kitanda. Siku hiyo nikikuona umelala vizuri, nataka kukumwagia maji. Lakini sasa matusi yanaisha mapema. Jana nilikosa la kukutukana, nikakutukana kwa ajili ya kukoroma."

Kulikuwa na neno katika ulimi wa Émérance. Lilikuwa limefika hapo siku mbili zilizopita, na lilikuwa tamu: kwamba waliokufa ni wale wa nyuma ya kabini, kwamba labda kusukumwa ndiko kulikomwokoa. Alilishika.

Providence aliliona usoni mwake. "Najua ni nani walikufa pale," alisema kwa upole. "Kila muntu ananiambia: ulibahatika. Mukubwa, mudogo, hata padri. Weye tu usiniambie."

"Sitakwambia."

"Basi kaa. Mguu huo mumoja utachoka."

Hapakuwa na ndoo ya pili. Émérance alikaa chini, kwenye sakafu ya saruji, na kuinuka kukawa kazi ya watu wawili.

Jumapili alimngoja Thaddée langoni, amesimama. Thaddée alipomwona amefika pale peke yake alifungua mdomo, lakini mke wake alimtangulia.

"Ulinificha."

Hakukana. Alisema alimwomba Providence asiseme kwanza, kwa sababu hospitalini Émérance alikuwa hali chakula, na daktari alisema mgonjwa asiyekula hapaswi kuongezewa mzigo. Providence aliahidi mpaka Émérance aweze kusimama. Kila Jumapili pale tangini, Providence alikuwa akimwuliza: sasa je? Bado tu?

"Na sahihi ya mguu? Walikwambia nini kabla ya kutia?"

Thaddée alitazama viatu vyake. "Walisema ni mguu au weye. Walikuwa bado wanaeleza, minye nilikuwa nimeshachukua kalamu." Akakisugua kidole alichoshikia kalamu. "Sikuuliza swali hata moja, Émérance. Weye ungeuliza. Minye niliogopa jibu."

Émérance alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama mbegu majini. Akamwamini, karibu kabisa.

Mguu wa bandia ulifika baada ya miezi miwili, na haukuwa kitu cha kushangilia. Ulimchubua, ulilia kama mlango, na alipoanguka nao mara ya kwanza aliutupa mpaka upande wa pili wa chumba. Providence aliuokota, akaurudisha, akasema umetupwa vibaya, angetumia mkono wa kushoto ungefika mbali zaidi. Kuna asubuhi hawakusemezana kabisa. Kuna nyingine, kabla ya mazoezi, Émérance alimfunga Providence vifungo vya mgongoni bila kuombwa, na Providence akamwachia. Providence aliruhusiwa kwanza. Aliaga chumba kizima kwa kumbatio na kelele, na kitanda cha pili alikigonga tu kwa kiganja, mara mbili, akatoka.

Luberizi haikumngoja Émérance kama alivyoiacha. Majarubani hakuweza kuingia. Matope yalikuwa yanaumeza mguu, na alipojaribu walimtoa watu watatu. Alilia siku hiyo mbele ya wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata kwa mazishi ya mama yake. Miche ilipandikizwa na wengine, na mistari ilikuwa imepinda. Alikaa kwenye tuta, juu ya kiti, akiwapigia kelele. Msimu wa pili watu walianza kumletea mbegu azichague kabla ya kupanda, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jicho la kushuku kama lake. Kulikuwa na siku nzuri. Kulikuwa na siku alizolala akijikuna hewani mpaka Thaddée anaamka na kumsugua kigutu kama Aline alivyofundisha.

Providence alikuja wakati wa mavuno. Hakutoa taarifa. Alishuka kwenye pikipiki amejaa vumbi mpaka kope, na kapu la ndagala kavu kifuani, akawauliza watoto wote majina, akala bugari na mboga ya sombe mara mbili, akasema mchele wa Luberizi umeharibika tangu Émérance aache kuinama. Émérance alijiuliza amekuja kutafuta nini. Alijiuliza mchana wote, wakati wanaanika mpunga, na hakupata jibu.

Jioni, jua likiwa bado juu kidogo ya milima ya Rurambo, Providence alitoka nyuma ya nyumba na beseni la maji, amefunga kitenge kifuani. Alisimama hapo muda, hakuoga. Kisha akaita.

"Mama Irakoze. Kuja."

Émérance alikwenda.

"Huu," Providence alisema, akiunyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki. Hakumtazama. "Mwili wote naosha na huu. Lakini wenyewe hauna wa kuuosha. Nyumbani najisugua ukutani kama mbuzi."

Émérance alivuta kiti, akakaa, akauweka ule mguu wa bandia pembeni usilowe. Akauchukua mkono wa Providence, akaulaza juu ya paja lake. Ulikuwa mzito, umekomaa, na ngozi ya kiwiko ilikuwa nyeusi ya vumbi la siku nyingi. Alitia sabuni kwenye kitambaa na kuanza kifundoni, taratibu, akipanda.

"Sugua kabisa," Providence alisema. "Usinibembeleze."

Akasugua kabisa. Povu lilishuka likiwa la kahawia, akasuuza, akatia sabuni tena. Watoto walikuwa wanafukuza kuku kwenye mpunga uliotandazwa, na Thaddée aliita kutoka mbele ya nyumba akiuliza kama kuna maji ya kutosha.  Émérance alifika begani, akaomba ageuke kidogo, na Providence akageuka.